Mheshimiwa Waziri, tuwekee idadi ya magari kwenye krosingi za Mto Mara

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, shikamoo. Mi ni dereva muongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa 14 sasa niko porini, na nakuandikia hadharani kwa sababu haya mambo tukiyaongea sisi madereva wenyewe kwa wenyewe yanaishia palepale.

Naomba nikueleze krosingi inavyokuwa, yaani pale nyumbu wanapovuka Mto Mara huku kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu wanafika ukingoni wanasimama, wanaweza kusimama dakika 20 au masaa manne, wanashuka wanapanda, wananusa maji, wanaogopa mamba, mpaka mmoja ajitose ndo wengine wote wanafuata. Sisi tunatakiwa tukae mbali huko juu kwenye vichaka tusogee wale wa mbele wakishaingia majini. Sasa dereva mmoja akichomoka mapema, basi imeisha hiyo, redio zinalia, magari yanakimbilia sehemu moja, vumbi tupu, kila mgeni anataka gari lake liwe mbele, unakuta njia ya nyumbu imezibwa kabisa. Wanageuka. Au wanatafuta pengine, kwenye ukingo uliosimama kama ukuta, wanajirusha hivyohivyo, wengine wanavunjika miguu, ndama wanapotezana na mama zao. Nimeshaona ndama anarudi majini peke yake kumtafuta mama aliyebaki ng'ambo, na mamba wapo pale. Siku ile sikuweza kuongea na wageni wangu mpaka kambini.

Julai 2025 video ilizunguka dunia nzima, wageni wameshuka kabisa kwenye magari pale Kogatende, hukohuko kaskazini mwa Serengeti, wamesimama kwenye njia ya nyumbu. Tulilaumiwa madereva, na lawama yetu ipo, sikatai. Ila Mheshimiwa kumuadhibu dereva peke yake hakutoshi. Mgeni amelipa hela nyingi, ana siku mbili tu huku kaskazini, kampuni imemuahidi krosingi kwenye tangazo, na dereva anategemea tipu kulipa ada za watoto. Mi niliwahi kukataa kusogea, mgeni akapiga simu ofisini, bosi wangu wa wakati huo akaniuliza kama kazi naitaka au siitaki. Msimu uliofuata sikuitwa.

Wenzetu wameweza. Kwenye gorila wa milimani, Rwanda na kule Bwindi Uganda, ni watu 8 kwa familia moja kwa siku, saa moja, mnaondoka, na Rwanda tangu 2017 kibali ni dola 1,500 na bado watu wanakuja. Hapo Kenya, kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara, nyingi zina sheria ya magari 5 tu kwa mnyama mmoja. Na hukohuko Mara utafiti uliotoka 2018 ulionyesha duma wa maeneo yenye magari mengi wanakuza kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao, wa maeneo yenye magari machache 2.3. Yaani duma hajapigwa risasi wala mtego, ni sisi tu na Land Cruiser zetu.

Wapo watakaosema mapato yatashuka. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, jamani, nafasi ipo, tatizo ni wote kujazana kwenye vipande vichache vya mto kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, kila sehemu ya krosingi iwe na idadi yake ya magari, wataalamu wa TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, ndo wapange ni 15 au 20, kuanzia Julai mpaka Oktoba awepo askari wa hifadhi mwenye redio anayeruhusu kwa zamu, na gari likivunja utaratibu kampuni yenyewe izuiwe getini, isiwe dereva tu. Halafu wageni waambiwe mapema, wakati wanalipia safari, kwamba wanaweza kurudi kwao bila kuiona krosingi. Mgeni anaelewa akielezwa, anakasirika akiwa ameahidiwa.

Nipe karatasi yenye muhuri wa Wizara inayosema gari la 21 linasubiri. Nitamuonyesha mgeni wangu, nitazima injini, tutasubiri.