Mawese si mazutu, hata ukitia dawa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyewashauri wenye mashini za kusaga waachane na mazutu (mafuta ya dizeli), watie mafuta ya mawese pamoja na ile "dawa" ya chupa inayouzwa siku hizi pembeni mwa Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani. Shida anayoisema ni ya kweli. Mazutu yanatufikia kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, kila mpaka una gharama yake, na barabara ikifungwa bei inapanda siku hiyohiyo. Ila ushauri wake utaua mashini za watu, na mimi kazi yangu hapa Kadutu, Bukavu, ni kuzifungua mashini hizo.

Sisemi injini ya dizeli inakataa mafuta ya mimea. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, mashini ndogo ya kampuni ya Otto ilitembea kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alilisimulia jambo hilo baadaye. Lililo karibu nasi zaidi ni la mwaka 1937: Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya njia ya kugeuza mafuta ya mimea yafae kuendesha injini. Mwaka uliofuata, basi lilibeba abiria kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyopitia kazi hiyo. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni lao na mawese walikuwa nayo tele. Hata hivyo hawakuyamimina mabichi kwenye tangi.

Sababu ni uzito wake, si wa kwenye mizani bali wa kutiririka. Hata yakipashwa hadi nyuzi 40, mawese ni mazito mara kumi hivi kuliko mazutu. Na hapa Bukavu tuko mita 1,500 juu ya bahari: asubuhi ukifungua bidoni, juu kuna mafuta mekundu, chini yameganda, mpaka uyaweke juani au karibu na moto ndipo yatoke. Pampu inalazimika kusukuma kitu hicho kipite kwenye vitundu vya enjekteri (kinyunyizio cha mafuta ndani ya injini) ambavyo hata sindano ya kushonea haiingii. Badala ya kutoka kama ukungu, yanatoka matone. Tone haliungui lote. Linaacha masizi magumu kwenye ncha ya enjekteri, pete za pistoni zinakwama, na mafuta yasiyoungua yanateremka kuchanganyika na mafuta ya injini mpaka yanashikana, hayatiririki hata ukiinamisha karai. Mwenye mashini ataniambia, "Fundi, mbona ilitembea vizuri?" Ni kweli, mwanzoni inatembea, na moshi wake unanukia kama jikoni penye mandazi. Uharibifu unajengeka ndani taratibu.

Sasa hiyo dawa. Zipo dawa halali zinazosafisha enjekteri, zipo zinazosaidia mazutu yawake upesi. Hakuna hata moja ambayo kifuniko chake kimoja kitayafanya mawese kuwa mepesi kama mazutu. Wengine wanazimua kwa petroli au mafuta ya taa. Uzito unapungua kidogo, lakini mawese yenyewe hayajabadilika, na petroli inainyima pampu ulainisho wake.

Kinachoyabadilisha kweli ni kuyapika na alkoholi kama methanoli pamoja na soda kostiki kidogo, gliserini ikatuama chini na juu yakabaki mafuta mepesi. Kazi hiyo si ya uani. Methanoli inapofusha na kuua, soda inaunguza ngozi. Tena mawese ya vijijini mara nyingi yana maji na yamechachuka. Ukiyatia soda hivyohivyo utapata sabuni, jambo ambalo mama zetu wanaopika sabuni wanalijua kuliko mimi. Hata ukifaulu, mafuta hayo yanaanza kuganda kwenye nyuzi kama 15, na usiku wetu unafika huko. Kwa hiyo yachanganywe na mazutu, sehemu ndogo tu.

Jambo linaloniuma zaidi ni sufuria. Mawese ndiyo yanayounga sombe (majani ya muhogo) na maharage ya familia nyingi hapa. Mashini za kusaga zikianza kushindana na jikoni sokoni, tunajua nani atashindwa. Mafuta ya kuanza nayo ni yale yaliyokwisha kukaanga, ambayo hoteli na wakaanga samaki wanayamwaga kwenye mitaro.

Naomba, Bwana Mhariri, kabla gazeti halijakubali tangazo la chupa hizo, muuzaji aulizwe cheti cha maabara kinachoonyesha uzito wa mchanganyiko wake. Na walimu wa kemia wa vyuo vikuu vya mji huu, waliosoma hesabu za kazi hii, waufanyie mchanganyiko huo jaribio mbele ya wasagaji. Karakanani kwangu ipo mashini moja ya zamani, ya mwendo wa taratibu, bado inawaka. Nitaitoa bure kwa jaribio hilo, na kila wiki nitaifungua wenyewe waone ndani.

Fundi wa mashini za mazutu,
Kadutu, Bukavu