Salamu za Pasaka: alfajiri makaburini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Pasaka njema kwenu nyote, ndugu, jamaa na marafiki. Salamu hizi ziwafikie mlioko Tukuyu na Mbeya kwenye mvua, mlioko Dar es Salaam kwenye joto, na ninyi mlioko ughaibuni ambao makoti bado hamjayavua. Sikukuu imeangukia katikati ya masika, kama kawaida yake huku kwetu. Majani yameota hadi magotini, na Jumamosi nzima watu wanashinda makaburini na mafyekeo na majembe, kila ukoo unasafisha kwa watu wake. Wasio na mtu wa kuwasafishia husafishwa na vijana wa ushirika.

Watoto wetu wanapenda Krismasi zaidi, wala siwalaumu, maana Krismasi ina nguo mpya na pilau. Pasaka yetu sisi Wamoravian, waumini wa Kanisa la Moravian, inaanza kwa kuamshwa gizani. Matarumbeta yanapita kabla ya kuku wa pili, na asiyetaka kuamka anaamka tu. Tunakusanyika, tunakwenda makaburini tukiimba. Huko mchungaji anatangaza, "Bwana amefufuka!" Watu wanajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Ukiri wa imani unasomwa tumesimama katikati ya makaburi, na waliolala tangu Pasaka iliyopita wanakumbukwa, tukiomba tudumu katika ushirika nao. Ibada imepangwa ili jua lichomoze tukiwa hapo hapo. Ila Rungwe mwezi wa Aprili jua halina ahadi na mtu, na mara nyingi kinachochomoza ni ukungu.

Ibada hii ni ya zamani. Ilianzia Herrnhut, kijiji cha Saxony huko Ujerumani, kilichojengwa kuanzia mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732, vijana wanaume wa kijiji walipanda kwenda makaburini mlimani, wakaimba na kutafakari kufufuka kwa Bwana. Hapakuwa na mkutano uliopitisha azimio wala waraka wa askofu. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, ndugu wawili kutoka kijiji hicho walianza safari ya kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kuwahubiria watu waliokuwa utumwani. Mimi huyaona mambo hayo mawili kama jambo moja. Mtu aliyeshaimba juu ya kaburi hatishwi sana na bahari.

Wamisionari wao wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer, na ibada ya alfajiri ikaja nao. Hebu fikiria wazee wetu waliipokeaje. Katika mila za Wanyakyusa, sehemu kubwa ya taratibu za msiba ilikuwa ya kumsindikiza marehemu aende zake, akae mbali, asirudi kuwasumbua walio hai kwa ndoto na maradhi. Halafu wanakuja watu wanaosema twende kwa hao wafu kukiwa bado giza, na watoto tuwachukue, tukapige tarumbeta! Bila shaka wapo walioona huo ni wazimu. Nami nadhani waliona vizuri kuliko sisi tuliozoea. Ibada hii ni jambo la ajabu, nasi tumeigeuza ratiba.

Maana kinachosemwa pale ni kizito. Hatusemi kwamba mwili ni ganda na roho imeruka zake kwenda kwenye raha. Mawazo hayo yalikuwapo kwa Wayunani kabla ya Kristo, na leo yapo kwenye mahubiri mengi ya misiba. Imani ya Mitume inasema "ufufuo wa mwili". Yesu aliyetoka kaburini alikuwa na alama za misumari mikononi. Kule kando ya bahari ya Tiberia aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita wanafunzi waliokuwa wamekesha wakivua, "Njoni mfungue kinywa." Huyo si mzuka. Na Paulo alipoulizwa wafu wafufukaje na wana mwili wa namna gani, aliwapeleka wauliza maswali shambani: mbegu haihuiki isipokufa, na unachopanda si mwili ule utakaokuwa. Ndiyo maana watu wa Herrnhut waliyaita makaburi yao shamba la Mungu. Anayekwenda shambani alfajiri hafanyi hivyo kwa sababu ya udongo.

Hapa niseme la moyoni. Milele imetumiwa sana kama fimbo. Jeneza liko mbele, mjane anatetemeka, mhubiri ameshika kipaza sauti anauliza, "Na wewe ukifa leo utakwenda wapi?" Swali lenyewe si baya, na hukumu imo katika Maandiko; nani ataikana? Lakini Bwana alipofika Bethania kwa akina Martha, hakuanza na vitisho. Alisema, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Kisha akaenda kaburini, na kabla ya kumwita Lazaro, akalia machozi. Alijua anachokwenda kufanya, na bado alilia. Kwa hiyo wale wanaowaambia wafiwa "usilie, wewe ni mtu wa imani" sijui wameisoma Injili ya nani. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, na hapo kuna tofauti kubwa.

Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliwahi kuuliza mbele ya watu: huko mbinguni tutaimba milele, hatutachoka? Watu wazima wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu. Lile ni swali la haki. Wengi wetu tunaiwazia milele kama kalenda isiyokwisha, Jumatatu juu ya Jumatatu, na kalenda ya namna hiyo ingemchosha hata malaika. Boethius, Mrumi aliyefungwa gerezani akisubiri kuuawa, karibu mwaka 524, aliliweka vizuri zaidi. Kwake, milele ni kuwa na uzima usio na mwisho wote kwa pamoja, kwa ukamilifu, bila jana iliyopotea na kesho isiyofika. Aliandika hayo akiwa amebakiwa na muda mchache sana, kwa hiyo mimi humsikiliza. Na kabla yake Yesu mwenyewe alisema katika sala yake ya usiku wa mwisho, "Na uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Kujuana na mtu hakusubiri kufa. Kumeshaanza, au hakujaanza.

Hata mwelekeo wa safari tunaukosea. Nyimbo zetu nyingi zinapanda juu, tunaiaga dunia. Ufunuo sura ya 21 unashuka: mji mtakatifu unakuja kutoka kwa Mungu, na sauti inasema, "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu." Kumbe tunaloliita kwenda huenda ni kukaribisha mgeni.

Jambo moja zaidi kuhusu Herrnhut, ambalo nalisema nikiyatazama makaburi yetu ya siku hizi yenye marumaru na uzio wa chuma. Kule mawe ya makaburi yamelazwa chini, ya ukubwa unaolingana, fundi na mwenye cheo sawasawa. Hawakuzikwa kwa koo. Wanaume walilazwa upande wao na wanawake wao, kwa kufuatana walivyokufa, jirani yako ni yule aliyekufa baada yako. (Makaburi ya familia ya Zinzendorf yameinuliwa, ni makubwa, yako katikati. Hata kwa watakatifu, mwenye shamba ni mwenye shamba.) Sisemi mtu asimjengee mama yake. Nasema tu kwamba nimeona vigae vikinunuliwa kwa mkopo na watoto wa marehemu wakirudishwa nyumbani kwa ada, na siamini marehemu angekubali.

Sasa salamu zenyewe.

Kwenu mliofiwa tangu Pasaka iliyopita, pole tena. Najua pole za mwanzo zilikuwa nyingi na sasa zimepungua, simu haziiti kama zamani. Marehemu wenu wanakumbukwa asubuhi hii, na mnaruhusiwa kulia katikati ya wimbo.

Kwenu ambao watu wenu wamezikwa mbali, au hamkupata kuwazika, nendeni kwenye makaburi yoyote yaliyo karibu nanyi. Simameni hapo, mseme maneno yale yale.

Manesi, walinzi, madereva wa mabasi na nyote mlio zamu alfajiri hii, mmeliona jua kabla yetu.

Ndugu zangu Wakatoliki, mliokesha na mshumaa wa Pasaka, na Walutheri, Pasaka njema. Majirani zetu Waislamu, mnaobeba jeneza pamoja nasi na kushika majembe kuliko hata baadhi ya wazee wa kanisa, asanteni. Chai ipo, karibuni.

Mwanakondoo wetu ameshinda. Tumfuate!