Barua ya wito wa jeshi Ufini isifichwe

Mhariri,

Familia nyingi za Kikongo zinazosema Kiswahili zimehamia Ufini, na watoto waliofika huko wadogo sasa wanapokea barua ya wito wa jeshi. Wazazi waliokimbia watu wenye magwanda wanaogopa, na wapo wanaoificha. Hofu yao naielewa, ila kuificha barua humponza kijana: asipofika siku ya wito bila sababu, polisi wanaweza kumfuata.

Wajibu huu ni wa raia wa kiume. Wanawake hujiunga kwa hiari tangu 1995. Mwenye kibali cha kuishi tu haitwi. Raia huitwa kati ya Agosti na Desemba, mwaka anaotimiza miaka 18. Kabla ya hapo hujaza fomu ya afya na kupimwa, na hapo ndipo familia zetu hukosea kwa kunyamaza. Pumu, ndoto za vita zinazomkosesha usingizi, yote yasemwe. Selimundu pia. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima kabisa, lakini mbio kali zinaweza kuharibu misuli yake hadi figo zikaumia. Daktari asiyeambiwa hawezi kumlinda. Baada ya kupimwa, kijana huwekwa kwenye kundi: A huingia jeshini, B huingia kwa masharti, C huachiliwa wakati wa amani, E hurudi kupimwa baadaye.

Askari wa kawaida hutumikia siku 165, kazi za ujuzi maalumu siku 255, na wanaofunzwa uongozi siku 347. Asiyetaka kushika silaha ana haki ya utumishi wa kiraia, nao ni siku 347, ukianza na mafunzo huko Lapinjärvi. Hiyo ni njia halali, asidharauliwe anayeichagua.

Makuruti huingia Januari na Julai, na kijana anaweza kueleza anapendelea lini. Kwa ambaye Kifini chake bado kinasuasua ningeshauri Julai. Atajifunza amri na kwata wakati wa joto, na akipangiwa siku 165 atakuwa amemaliza Desemba, kabla baridi haijakaza.

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bunduki. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kuliko wenzao. Makuruti hufundishwa kutazamana nyuso, pua na masikio, wakitafuta doa jeupe. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huweza kuonekana la kijivu kama majivu, na mwenzake asilitambue. Kwa hiyo kijana asingoje kuambiwa: kidole au sikio likifa ganzi, aseme papo hapo, apashe kwa kwapa au kiganja, asisugue wala asisogeze karibu na moto, maana penye ganzi mtu huungua bila kuhisi. Soksi zilizolowa zibadilishwe kabla ya kulala, na buti zisibane, kwani zikibana damu haifiki vidoleni.

Usiku wa porini kikosi hulala katika hema lenye jiko la kuni katikati. Mmoja hubaki macho kwa zamu kulisha jiko, kisha humwamsha anayefuata. Akisinzia, moto huzimika na wote huamka wakitetemeka, au cheche hushika turubai. Kijana wa miaka 19 ambaye juzi mama alikuwa akimwamsha aende shule, hapo ndiye anayelinda usingizi wa wenzake, wenye asili ya Ufini na wenye asili ya kigeni. Heshima anayoipata kwa kazi hiyo ni ya kweli, na mzazi anastahili kuijua.

Kuhusu fedha, posho ya siku ni ndogo. Anayepanga nyumba yake aombe msaada wa kodi mapema kwa Kela, shirika la hifadhi ya jamii la Ufini, na mwenye mke au mtoto aombe msaada wa familia. Lakini mama na wadogo zake hawahesabiwi, hivyo kama kijana ndiye anayelipa kodi ya nyumba ya mama, wakae chini wapange kabla hajaondoka. Mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza kwa sababu ya jeshi. Kijana amjulishe mapema kwa maandishi, na abaki na nakala.

Msomaji wako,
Tampere