Wazee waulizwe kabla ya tarehe kupangwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalojirudia kila mwaka unapoelekea ukingoni, pale familia nyingi zinapoandika muhtasari wa mwaka na kuusambaza kwa jamaa: nani amebatizwa, nani amepata kipaimara, nani amefunga ndoa, na safari ya pamoja ilikuwa ya wapi. Katika nyumba yenye vizazi vitatu au vinne, babu na bibi huonekana humo kwenye picha tu, wameketi katikati, wajukuu wamewazunguka. Muhtasari hausemi kama kuna mtu aliyewauliza chochote.

Hilo ndilo ninalolilalamikia. Ratiba ya familia hupangwa na kizazi cha kati, yaani wale wenye ajira na watoto wa shule, kwa kufuata likizo za kazini na mihula ya masomo. Mzee hupewa taarifa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, na mara nyingi taarifa yenyewe ni kwamba atabaki nyumbani na wajukuu wadogo wakati wengine wakisafiri. Najua wazazi wanaofanya kazi wamebanwa, lakini kumwuliza mzee hakuhitaji siku ya likizo.

Tuchukue mfano wa Pasaka. Kwa makanisa ya Magharibi, sikukuu hii huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hesabu ya kikanisa, hivyo inaweza kuja mapema kama 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ikawa 20 Aprili, na kila inaposogea huvuta pamoja nayo Jumatano ya Majivu, Juma Kuu, Kupaa kwa Bwana na Pentekoste. Likizo za shule hazifuati mwendo huo kila mahali, na hapo ndipo familia hukata tiketi kwa kutazama likizo, kisha hushtuka kwamba Ijumaa Kuu itawakuta njiani. Kijana atasema ataihudhuria mwakani. Mtu wa miaka 80 ana sababu zake za kutaka kuwa katika kanisa lake siku hiyo, miongoni mwa watu aliozeeka nao, na pengine ndiye pekee nyumbani anayeijua kalenda hiyo kwa kichwa. Angeulizwa mapema, angewaambia.

Wapo watakaosema kwamba kumsafirisha mzee ni kumtesa. Wakati mwingine ni kweli, na akikataa asibembelezwe. Lakini taabu nyingi hutokana na haraka ya dakika za mwisho. Safari ya kukaa kitini zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo abiria mwenye umri mkubwa huhitaji kiti cha kando ya njia ili aweze kuinuka na kunyoosha miguu, na vema aonane kwanza na daktari wake. Dawa zake zikae katika mkoba wa mkononi, zikiwa na cheti cha daktari. Na pasipoti yake ikaguliwe miezi kadhaa kabla, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita. Haya hayafanyiki vizuri kwa mtu aliyeongezwa kwenye orodha wiki ya mwisho.

Hivi karibuni nilikuwa nyuma ya familia moja kwenye foleni ya wasafiri. Mhudumu alimwuliza binti, "Mama ataweza kupanda ngazi?", ilhali mama mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, miwani machoni, pasipoti mkononi, ukurasa wa picha ameshaufungua. "Ngazi ngapi?" akauliza mama. Lilikuwa swali la maana kuliko lile aliloulizwa bintiye.

Makanisa nayo yana sehemu yao. Watoto wana mafundisho yao, vijana wana ibada yao, wazee wana misa ya alfajiri, na familia moja huweza kutoka nyumbani kwa zamu Jumapili nzima bila kukaa benchi moja. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Yoakimu na Ana, ambao mapokeo ya Kanisa yanawataja kuwa babu na bibi wa Yesu. Ni jambo jema, ila Jumapili hiyo ni moja tu. Ningependa kuona angalau ibada moja kila mwezi ambamo vizazi vyote vinakaa pamoja, na mzee anasoma somo lililochapwa kwa herufi kubwa, badala ya kupigiwa makofi kwa sababu ya umri wake.

Pendekezo langu ni rahisi. Mwaka wa Kanisa huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, Jumapili ambayo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Parokia na sharika zitoe kalenda zao kufikia siku hiyo, familia zikae jioni yake na kalenda mezani, na wa kwanza kutaja tarehe anazozitaka awe mkubwa kuliko wote nyumbani. Gazeti lako nalo, linapoandaa makala za likizo, liwahoji wazee wenyewe.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi