Risasi ya kulungu, sungura wa nini?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu bunduki za nusu otomatiki iliwatia wakusanyaji wa bunduki kuukuu wote kapu moja, kana kwamba kila bunduki ya aina hiyo ni ya vita. Bunduki ya Remington Model 8, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1906, ni nusu otomatiki kweli (hujipakia yenyewe, lakini kila risasi yataka kufyatuliwa), lakini ilitengenezwa kwa mawindo: risasi tano tu kwenye kasha lake la risasi, na kila ukifyatua mtutu hurudi nyuma ndani ya ala yake. Nzito pia, bega lalijua hilo.

Ajabu ni jimbo letu la Pennsylvania. Mwaka 2017 iliruhusu nusu otomatiki kuwindia wanyama wadogo, kwa kulungu ikakataa. Kwa sungura ilibana risasi zisizidi kipenyo cha .22, na hapo sibishi: akipigwa ya .35 Remington, risasi nene ya Model 8, atabaki nini cha kupika? Lakini kwa kulungu, wenye mamlaka wahesabu risasi zinazoingia kwenye bunduki, waache kuogopa mtambo.

Msomaji wenu,
Pittsburgh