Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza kabla hajapewa uji

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu wagonjwa wa kiharusi, hawa tunaosema kapooza upande. Tukifika hospitali tunahangaikia presha na CT scan, sikatai ni muhimu, ila kuna vipimo vidogo ambavyo ndo vinaamua huyu mtu atarudi kwenye hali gani na vinarukwa kila siku.

Kiharusi kinalegeza koo kama kinavyolegeza mkono, mgonjwa unamuona anameza kumbe chakula kinaingia njia ya hewa, na wengine hata hawakohoi, siku mbili tatu mbele homa imepanda, kifua kimejaa, nimonia hiyo. Mama yetu alilazwa mchana, jioni tukaambiwa tulete uji, hakuna aliyemkalisha akampa kwanza kijiko cha maji akamsikiliza. Akapaliwa, sauti ikawa ya mtu mwenye maji kooni, na siku ambazo angeanza mazoezi zikaishia kwenye oksijeni. Nesi alikuwa mmoja wodi nzima, simlaumu hata kidogo, hakuna karatasi yoyote kwenye faili iliyomdai afanye hicho kipimo.

Na kipimo chenyewe ni hivi, mgonjwa awe macho, akae wima, apewe maji kijiko kimoja kimoja, uangalie koo likipanda, usikilize kama anakohoa, alafu umwambie aseme "aaa" usikie sauti imebadilika au la. Akishindwa hapewi kitu mdomoni, si uji si vidonge, mpaka apimwe tena, na ikibidi anawekewa mpira wa puani wa kumlishia.

Australia, jimbo la New South Wales, walifanya utafiti kwenye wodi 19 za kiharusi, matokeo yakatoka 2011. Manesi walifundishwa kufuatilia homa, sukari na kumeza kwa siku 3 za mwanzo, basi. Baada ya siku 90 waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa 42 katika kila 100, wodi ambazo hazikupata mafunzo hayo 58. Hapo hakuna dawa mpya Mheshimiwa! Na sukari yenyewe ikishuka sana inaweza kumfanya mtu aonekane kapooza kumbe hana kiharusi.

Alafu kuna siku ya kuruhusiwa. Karatasi inaandikwa "anaendelea vizuri", vizuri kivipi? Kipimo cha Barthel, cha kuona mgonjwa anajifanyia nini mwenyewe, kipo tangu 1965, vipengele 10, alama 0 hadi 100, kula mwenyewe, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kukaa kwenye kiti. Mama aliruhusiwa bila mtu kuuliza choo cha nyumbani ni cha aina gani, na chetu ni cha kuchuchumaa, mtu mwenye mguu mmoja dhaifu anachuchumaaje pale? Wangeuliza, mtu wa mazoezi angejua aanzie wapi na sisi tungejua tununue kiti cha choo kabla hajafika.

Ombi langu ni karatasi moja tu kwenye faili la kila mgonjwa wa kiharusi, homa, sukari na kumeza siku anayoingia, alama za Barthel akiingia na akitoka, isainiwe na nakala moja wapewe ndugu, na ianzie hospitali za wilaya maana wengi wetu ndo tunapofikia.