Hiyo sanamu uliyoiita kuni

Mwanangu Upendo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Naona picha niliyokutumia Jumapili, ya ile sanamu ya Yesu msalabani kanisani, haikukupendeza. Umeniuliza, "Mama, huyo ni Yesu au kuni?" Nilicheka peke yangu jikoni. Baadaye nikaona haya, kwa maana nilituma picha tupu bila maelezo.

Kanisa lile liko Plateau d'Assy, huku milimani kwetu Ufaransa, ukitoka nje unatazamana na Mont Blanc. Bibi ninayemtunza ndiye aliyeomba nimpeleke. Ukutani nje kuna mchoro mkubwa wa vigae wa Léger, ndani vioo vya Rouault, na Matisse na Chagall wamo, wote wasanii wenye majina makubwa. Wageni husimama hapo wakipiga picha. Mimi nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu, nikajikuta mbele ya madhabahu, na ile shaba iko pale.

Mikono imetandazwa kama tawi lililokauka. Mwili na msalaba vimeshikana, hujui kipi kinaishia wapi. Uso hauna macho wala mdomo.

Usidhani aliyeifinyanga hakujua kutengeneza uso. Germaine Richier, aliyezaliwa Grans, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1902, alifunzwa na mchongaji Bourdelle, na Bourdelle alikuwa msaidizi wa Rodin, yule mchongaji maarufu. Alimpima mtu kwa bikari na timazi kama fundi mwashi, akichora mistari hadi kwenye ngozi yake. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Uswisi. Baada ya hapo watu wake wa shaba walizidi kuwa na mashimo na makovu. Kwa ile inayoitwa L'Orage, yaani dhoruba, alimsimamisha mzee Nardone, ambaye ujanani Rodin alimtumia kwa sanamu ya mwandishi Balzac. Tumbo limelegea, ngozi imechakaa, na bado mzee amesimama. Nikipata nafasi nitakutumia na hiyo, ukasirike vizuri.

Ya Assy aliifanya mwaka 1950. Sasa sikiliza, kijiji kile kilikuwa cha hospitali za kifua kikuu. Waliopiga magoti pale walikuwa watu wenye mapafu yaliyooza, na Richier alipewa maneno ya Isaya kuhusu yule mtumishi asiye na umbo wala uzuri. Wagonjwa waliipenda. Wazima ndio waliokasirika, wakasema ni matusi kwa Mungu, na mwaka 1951 askofu wa Annecy akaamuru iondolewe. Ilirudi madhabahuni mwaka 1969, Richier mwenyewe akiwa kaburini miaka kumi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yako.

Nilikuwa darasa la tatu alipolazwa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu kule Kilimanjaro. Aliporudi, mbavu zilihesabika. Shangazi alimtengea kikombe cha bati, akakifunga uzi mwekundu mkononi ili tusikosee, na sisi watoto tukakatazwa kukaa mkekani kwake. Hakulalamika hata siku moja. Ila ukutani tulikuwa na ile picha ya Yesu unayoijua, nywele zimechanwa, mashavu yamejaa. Jioni moja aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu hajawahi kukohoa." Shangazi alimwambia atubu.

Nilisimama pale Assy hadi bibi wa watu akanivuta sketi, akidhani nimeugua. Laiti mama angeiona. Sijui angesema nini, labda angeniuliza kama wewe, ni kuni? Lakini nadhani angeiomba isogezwe karibu na kitanda.

Kile kikombe ninacho. Nilikificha kwenye sanduku nilipokuja huku, katikati ya khanga. Uzi ulishakatika zamani. Ukija Desemba utanikuta nakinywea chai.

Wako mama